Waya Unaong'aa Usiku wa Halloween: Historia ya Mwanga wa Kuvaa

Hebu jiweke hapa. Ni saa moja usiku, tarehe 31 Oktoba, katika mtaa mmoja wa Marekani. Watoto wanapita mlango kwa mlango wakiomba pipi, mmoja kavaa kama mchawi, mwingine kama simba. Mara gizani anatokea mtu wa vijiti, kama wale tunaowachora utotoni: kichwa ni duara, kiwiliwili ni mstari mmoja, mikono na miguu ni mistari minne, yote ya rangi ya bluu-kijani. Anatembea. Anapunga mkono. Ukimsogelea ndipo unagundua kwamba ni mtoto aliyevaa nguo nyeusi tii, na juu ya nguo hiyo umeshonewa waya unaong'aa.

Uguse waya wenyewe. Hauchomi, hata joto hulisikii. Umeme wake unatoka kwenye betri mbili ndogo kama za rimoti, zilizofichwa mfukoni. Unaweza kusema ni kichezeo tu cha msimu. Ila kabla ya watu kufika hapo, kwamba mtoto anavaa mwanga na kurudi nyumbani salama, wapo waliolipa kwa ngozi zao na wapo waliolipa kwa mifupa yao. Na hapa sisemi kwa mafumbo.

Kwanza ulikuwa moto

Halloween ilifika Marekani na wahamiaji wa karne ya 19, hasa kutoka Ireland na Scotland. Kwao walizoea kuchimba mizizi mikubwa ya shambani na kuweka mshumaa ndani. Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini kuchimba, wakahamia huko. Mpaka leo boga lenye macho na meno, likiwaka kwa ndani, ndiyo nembo ya usiku huo.

Sasa fikiria mishumaa imepangwa kwenye ngazi za nyumba, na watoto wanapita hapohapo na majoho yanayoburuta chini. Vitambaa vyenyewe vilikuwa hatari. Miaka ya 1940 yaliuzwa Marekani mavazi ya watoto ya kuigiza wachunga ng'ombe, yaliyotengenezwa kwa reyoni yenye manyoya. Cheche moja tu ilitosha: moto ulikimbia juu ya manyoya yale kabla mzazi hajanyanyuka kitini. Watoto waliungua, wengine wakafa. Mwaka 1953 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia vitambaa vinavyoshika moto haraka.

Kwa hiyo swali likawa: mwanga usio na moto utatoka wapi?

Unga uliong'aa, na wasichana waliouvaa

Jibu moja lilikuwa limeshapatikana, nalo lilikuwa baya kuliko moto.

Kuanzia mwaka 1917 hivi, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka rangi inayong'aa kwenye namba za saa, ili zisomeke gizani. Rangi hiyo ilikuwa na vitu viwili muhimu. Cha kwanza ni unga wa salfaidi ya zinki, ambao hutoa mwanga ukipigwa na nishati. Cha pili ni radiamu, iliyoupiga unga huo kwa mionzi usiku na mchana bila kuchoka. Namba za saa ni ndogo, kwa hiyo wasichana walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Kila walipofanya hivyo walimeza radiamu kidogo.

Hawakujua. Waliambiwa haina neno. Baadhi yao walijipaka rangi ile kwenye kucha, kwenye vifungo vya nguo, hata kwenye meno, ili wang'ae wakienda kucheza muziki. Tamaa yao ndiyo ile ile ya mtoto wa Halloween: kuingia gizani na kuwa wewe ndiye mwanga. Radiamu iliingia kwenye mifupa kama inavyoingia kalsiamu. Taya zikaoza, mifupa ikavunjika yenyewe. Wanawake watano waliishtaki kampuni, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1928. Kesi yao ilisaidia sana kuwaamsha Wamarekani kuhusu haki za wafanyakazi wanaougua kwa sababu ya kazi.

Shika jambo moja hapa, maana tutalirudia: unga wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kile kilichowekwa kuuamsha.

Paris, 1936

Mfaransa Georges Destriau alifanya kazi Paris katika maabara iliyokuwa ya Marie Curie, mwanamke aliyegundua radiamu pamoja na mumewe Pierre. Destriau alichukua salfaidi ya zinki yenye chembechembe za shaba, akaichanganya na mafuta ya mbarika, akaiweka katikati ya sahani mbili za umeme, kisha akapitisha umeme wa AC. Unga ukatoa mwanga. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1936.

Kilichotokea ndani ni nini? Umeme wa AC ni ule unaogeuza mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde. Kila unapogeuka, elektroni ndani ya punje za unga zinasukumwa huku, kisha zinarudishwa kule. Katika kurudi, baadhi yake zinaangukia penye shaba, na ile nishati zinayoiachia inatoka kama mwanga. Ukiweka umeme wa betri moja kwa moja, ambao haugeuki, elektroni zikishasukumwa zinabaki hukohuko, na giza linarudi. Ndiyo maana waya wa Halloween hauwezi kuungwa kwenye betri hivihivi tu. Lazima pawe na inveta ndogo katikati.

Unaona kilichobadilika? Unga ni wa ukoo ule ule. Mahali pa radiamu umekaa umeme. Ukizima, umezima. Hakuna kinachoendelea kukutafuna mifupa usiku.

Taa iliyokosa kazi

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vioo vinavyopitisha umeme na bado kuonesha upande wa pili vilianza kupatikana. Kampuni ya Sylvania ya Marekani ikachangamka. Miaka ya 1950 watu walianza kuota nyumba isiyo na balbu: ukuta mzima unang'aa, dari inang'aa, hakuna kivuli.

Ndoto haikutimia. Mwanga ulikuwa hafifu mno, na unga ulichoka kadiri ulivyowashwa. Hata taa ya kawaida ya mrija iliushinda mbali. Kwa kazi ya kumulika chumba, teknolojia hii ilianguka mtihani.

Lakini kuna mwanga wa kuonea na kuna mwanga wa kuonekana. Wa kwanza unakumulikia njia. Wa pili haukumulikii chochote, unasema tu "niko hapa". Destriau alikuwa ameupata huu wa pili, na wenye viwanda wakang'ang'ania kuufanya wa kwanza. Ulipopewa kazi yake halisi, ulifaulu. Ulikaa kwenye dashibodi za magari ya Chrysler ya mwaka 1960. Ulikaa kwenye namba za kijani za kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini. Mwaka 1992 kampuni ya Timex iliuingiza kwenye saa za mkononi, na wengine wakafuata. Kama umewahi kubonyeza kitufe cha saa ya dijitali na uso wote ukageuka bluu-kijani bila kuona balbu, huenda ulikuwa unautazama unga ule ule.

Kutoka ubao hadi waya

Mpaka hapo mwanga huu ulikuwa bapa, kama karatasi. Miaka ya 1990 kampuni ya Elam ya Israeli ilifanikiwa kuuviringisha ukawa waya. Mpangilio wake ni rahisi kuelewa. Katikati pana uzi wa shaba. Uzi huo umepakwa unga. Juu ya unga zimezungushwa nyaya mbili nyembamba kama unywele, kisha vikafuata maganda ya plastiki, la nje likiwa na rangi. Uzi wa kati na nyaya za nje ndizo zile sahani mbili za Destriau, ila sasa zinapindika.

Walioupokea kwa shangwe ni watu wa Burning Man, tamasha la jangwani Nevada. Kule usiku hakuna taa za barabarani, na baiskeli zinapita kila upande, kwa hiyo usipong'aa utagongwa. Kutoka jangwani waya ukaingia kwenye Halloween. Filamu nazo zikachangia. Katika filamu ya Tron ya mwaka 1982, mistari ya mwanga kwenye mavazi iliongezwa baadaye kwenye picha. Katika Tron: Legacy ya mwaka 2010, waigizaji walivaa mavazi yanayong'aa kweli, kwa teknolojia ya ukoo huu huu.

Ukitaka kuushona mwenyewe

Mambo machache, yote yanatokana na historia uliyoisoma. Usiukunje kwa pembe kali, hasa kwenye kiwiko na goti, maana zile nyaya nyembamba ndizo zinazokatika kwanza. Ziba ncha uliyoikata, kwa sababu unyevu unaua unga, na pia kwa sababu inveta inapandisha volti 3 za betri hadi kufikia 100 na zaidi. Mkondo ni mdogo, ila ukigusa ncha wazi utashtuka. Ule mlio mwembamba kama wa mbu siyo hitilafu, ni inveta inageuza umeme mara elfu na zaidi kwa sekunde. Na ukiona waya mwekundu umefifia kuliko wa bluu-kijani, usidai umepunjwa: unga kwa asili hutoa bluu-kijani, na rangi nyekundu hupatikana kwa kuubadilisha mwanga huo, ambapo sehemu yake hupotea.

Kuonekana na nani?

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha uchambuzi wa ajali za barabarani Marekani kuanzia 1975 hadi 2016. Walilinganisha jioni ya Halloween na jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada yake. Hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 43. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, ilikuwa kama mara 10.

Mzazi anaweza kusoma hivyo na kusema, basi, wangu nimemvika waya, yuko salama. Taratibu. Waya huu unapendeza gizani kwa sababu jicho limezoea giza. Dereva hajazoea giza, ana taa kubwa mbele yake, na penye mwanga mkali waya unamezwa. Utepe wa kuakisi, ule wa kwenye vizibao vya bodaboda, hauhitaji betri wala historia ndefu, lakini unamrudishia dereva mwanga wake mwenyewe kutoka mbali.

Kwa hiyo mshonee mtoto waya, aringe. Halafu mgongoni na miguuni mbandikie na utepe. Waya ni kwa ajili ya rafiki zake, utepe ni kwa ajili ya dereva.