Visanduku 12 vya Katanga

Anayetaka kufika Sanga, huko Katanga, kwa njia ya zamani hupanda treni Kamina, hushuka Bukama, kisha huufuata mto Lualaba kwa chombo hadi Ziwa Kisale. Huko ukingoni mwanaakiolojia Jacques Nenquin alichimba makaburi mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata 1958, na Pierre de Maret 1974. Walikuta vyungu na mapambo ya shaba ya watu waliozikwa karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Lakini mbao na ngozi huoza ardhini, na mlio wa ngoma hauna mfupa. Anayeufuata mdundo itambidi arudi Kamina.

Mwaka uleule wa 1958, Hiernaux akiwa Sanga, padri Guido Haazen, Mfransisko wa Kamina, alikuwa Ulaya na kwaya yake ya wavulana na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin. Ndio walioimba Missa Luba. Misa hiyo haikutoka kwenye karatasi: waimbaji waliijenga kwa kuimba, kwa mitindo ya nyumbani, na nota zikaandikwa baadaye. Hapo ndipo tatizo lilipo. Nota za Ulaya huanza na pigo kuu, kisha hulikatakata. Mapigo yakigoma kukatika kwa mbili, huwekewa alama ya pekee, kana kwamba yamekosea.

A. M. Jones, mmisionari aliyeishi Rhodesia ya Kaskazini, jirani na Katanga, alitafuta njia nyingine. Alitengeneza mashine: mpigaji anagonga, na umeme unachora alama kwenye karatasi inayotembea. Matokeo yake yamo katika kitabu chake cha 1959, Studies in African Music. Kwa maoni yangu babu wa programu zetu za kupanga muziki ni karatasi ile kuliko nota: muda unatembea upande mmoja, na kila chombo kina mstari wake.

Gerhard Kubik, aliyezunguka Afrika kwa miaka mingi akirekodi, alieleza kwamba wapigaji wengi huegemea mapigo madogo sana yaliyo sawa, ambayo hata hayapigwi yote. Pigo kuu ni fungu la hayo madogo. Chukua mdundo wa mapigo matano uliosambaa Afrika ya kati na magharibi: katika mstari wa visanduku 12, kila kisanduku pigo dogo moja, jaza cha 1, 3, 5, 8 na 10. Nafasi zake ni 2, 2, 3, 2, 3. Programu nyingi hufunguka na visanduku 16, na kijana asiye na subira huyaburuta mapigo kwa kipanya mpaka yakaribie. Mdundo unachechemea, halafu analaumu kompyuta. Angeigeuza tu gridi iwe visanduku vitatu kwa kila pigo kuu, yote matano yangekaa bila kusukumwa.

Kompyuta yenyewe haina hatia kubwa. Saa ya MIDI, mfumo wa kuunganisha ala za kielektroniki uliotoka 1983, hutoa tiki 24 kwa kila nota ya robo: ukigawa kwa tatu unapata 8, ukigawa kwa tano unapata 4.8, na hapo pana shida. Programu za leo hutumia 480 au 960. Tano huingia 480 mara 96. Saba bado haiingii kamili, lakini kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika kosa halifiki hata milisekunde moja, na hakuna mchezaji atakayelisikia.

Mdundo wa kachacha wa Waluvale na Wachokwe ndio unaokaa sawasawa kwenye gridi ya 16: mapigo tisa, 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14, 15. Mtego wake uko kwingine. Kisanduku cha kwanza kwenye skrini si lazima kiwe pale mguu wa mchezaji unapotua. Sogeza mstari wote hatua moja kulia uiache ngoma kubwa palepale: mapigo ni yaleyale tisa, lakini aliyezoea kachacha atakuuliza ni ngoma gani hiyo.