Mahjub bin Adam: Askari Mtoto Aliyekwenda Berlin Kudai Haki Yake

Mwanafunzi wa historia nchini mwetu hukaririshwa majina ya magavana wa Kijerumani, lakini ni nadra kuelezwa habari za watu waliowabebea bunduki. Mmoja wao ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya Vita vya Maji Maji. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la kikoloni. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, mtoto huyo wa miaka 10 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa huko Mahiwa, katika mkoa wa leo wa Lindi, akatekwa na Waingereza.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake, lakini haukuwalipa askari hawa ujira wao. Baada ya kuhudumu melini, Mahjub alifika Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa baba yake. Akajibiwa kuwa amechelewa. Alibaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa mkahawa, msaidizi katika ufundishaji wa Kiswahili chuoni, na mwigizaji wa filamu. Mwaka 1934, chini ya utawala wa Hitler, aliomba nishani ya wapiganaji wa vita; akanyimwa.

Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule yule aliyewatia watawala wetu katika mikataba ya hila. Mwaka huo huo Mahjub alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Je, tumwite msaliti au mhanga? Naona majina yote mawili yanatuondolea kazi ya kufikiri. Alikuwa mtoto alipovishwa sare, na alipokuwa mtu mzima alidai kilicho chake kwa waliomtumia. Tangu 2007, kibao kidogo cha shaba kinamkumbuka kwenye njia ya waendao kwa miguu jijini Berlin. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, iliwekwa na Waingereza kuwaenzi Waafrika waliopigana upande wao. Sisi wenyewe tutamkumbuka wapi mtoto huyu wa mji wetu? Na dai alilokwenda nalo Berlin, nani atalijibu?