Mkono wa Meena Kumari Uliofichwa na Mtandio



Mwezi uliopita alikuja biharusi dukani kwangu na picha kwenye simu. Anataka gauni la mtindo wa Anarkali, la kijani, lenye mtandio mrefu. Hayo kwangu ni ya kila siku. Lakini alitaka na mikono ya gauni ishuke mpaka ifunike vidole. Nikamwambia, "Mwanangu, mikono hiyo itaingia kwenye pilau." Akacheka, kisha akanyamaza. Mwisho akautoa mkono wa kushoto chini ya buibui. Aliungua na mafuta ya moto alipokuwa mdogo, na vidole viwili vimevutana. Mimi nimeshampima mara mbili na sikuwahi kuuona mkono ule. Alikuwa hodari wa kuuficha.

Nikampa kiti, nikamhadithia habari za Meena Kumari. Yeye hamjui, anawajua hawa wa siku hizi. Nikaona nikuandikieni na nyinyi, kwa sababu wengi tunashona nguo za harusi kwa kuiga picha za Kihindi bila ya kujua zilitengenezwa vipi, na wanawake walioonekana ndani yake waliishi vipi.

Walipokosa wanawake

Senema za Kihindi zilianza bila ya wanawake. Mwaka 1913 Dadasaheb Phalke alipotengeneza Raja Harishchandra, filamu ndefu ya kwanza ya India, hakupata mwanamke aliyekubali kusimama mbele ya kamera. Kuigiza kulihesabiwa aibu. Basi akamchukua kijana aliyekuwa akifanya kazi mkahawani, Anna Salunke, akamvisha sari akawa malkia. Mwaka 1917, katika Lanka Dahan, Salunke huyo huyo aliigiza mume na mke, Rama na Sita, katika filamu moja!

Wanawake walipoanza kuingia, Waislamu walikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Fatma Begum aliigiza, na mwaka 1926 akaongoza filamu yake mwenyewe, Bulbul-e-Paristan. Anahesabiwa mwanamke wa kwanza India kuongoza filamu. Binti yake, Zubeida, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa kike katika Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, iliyooneshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931.

Uigizaji wa wakati huo ulitoka jukwaani, kwenye tamthilia za Waparsi. Jukwaani mtu lazima apaze sauti na arushe mikono ili aliyekaa nyuma kabisa aone na asikie. Watu wakaingia na mtindo huo kwenye filamu. Lakini kamera hukaribia uso, na kipaza sauti husikia hata pumzi, kwa hiyo kelele zote zile hazikuwa na haja. Mwaka 1936 Ashok Kumar, aliyekuwa mfanyakazi wa maabara ya filamu katika kampuni ya Bombay Talkies, alisukumwa mbele ya kamera akaanza kusema kama watu wanavyosema nyumbani. Baada yake akaja Yusuf Khan, tunayemjua kwa jina la Dilip Kumar, aliyeanza na Jwar Bhata mwaka 1944. Huyu aliweza kushusha sauti mpaka ukalazimika kuinama umsikilize. Aliigiza huzuni kwa miaka mingi hadi ikamwingia mwilini, akashauriwa na daktari achukue kazi nyepesi za kuchekesha.

Kuanzia mwaka 1935 ukaingia na ustadi mwengine. Mwimbaji anaimba kando, na mwigizaji anafuatisha kwa midomo. Sauti si yake, lakini machozi lazima yawe yake. Wanawake hawakugusana na wanaume kwenye filamu kama tunavyoona siku hizi. Mapenzi, hasira na kukata tamaa vyote vilipita machoni, na kwenye namna mtu anavyoshika ncha ya mtandio.

Mahjabeen

Jina lake la kuzaliwa ni Mahjabeen. Alizaliwa Bombay tarehe 1 Agosti 1933. Baba yake, Ali Bux, alikuwa mpiga muziki, mama yake, Iqbal Begum, alikuwa mwigizaji na mchezaji jukwaani, na nyumba ilikuwa na shida. Mtoto akapelekwa studio. Filamu yake ya kwanza, Leatherface, ilitoka mwaka 1939, hajafika hata miaka saba. Wenziwe wakienda skuli, yeye anafanya kazi ya kulisha familia. Jina alilobandikwa na watengeneza filamu, Meena, ndilo lililobakia.

Hakuwa peke yake. Mumtaz Jehan akaitwa Madhubala, naye pia alianza kazi mtoto na akalisha nyumba ya watu wengi huku moyo wake ni mgonjwa. Fatima Rashid akaitwa Nargis. Bibi zetu hapa Unguja walipokwenda maonyesho ya wanawake watupu kwenye nyumba za senema za mjini, walikuwa wakiwatizama wanawake hawa. Bibi yangu alikuwa akisema Meena Kumari halii, ila wewe unayemtizama ndiye unayelia. Mimi nilidhani ni maneno ya kizee, mpaka nilipokaa mwenyewe nikatizama.

Ajali

Mwezi wa Mei mwaka 1951 Meena alikuwa akirudi kutoka Mahabaleshwar, gari ikapata ajali. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikaharibika, na hakikurudi kama kilivyokuwa. Alikuwa na umri wa miaka 17, na jina ndiyo kwanza linaanza kukua.

Sasa fikirini. Msichana huyu kazi yake ni kutizamwa. Uso wake utapanuliwa kwenye kitambaa kikubwa kuliko ukuta wa nyumba, na mikono yake pia. Basi akajifundisha. Anauweka mkono wa kushoto ndani ya sari. Anautandia ncha ya mtandio, au anakaa ubavu ili kamera ione mkono wa kulia tu. Alifanya hivyo katika filamu baada ya filamu, kwa zaidi ya miaka 20, na watu wengi waliokuwa wakimtizama hawakujua. Waliona ni madaha yake. Mimi fundi nikitizama naona pindo la mtandio linavyoteremshwa kwa hesabu. Huo ni ustadi, dada zangu. Kuigiza si kulia tu. Mtu anayajua mapungufu ya mwili wake, anayapangia nafasi, halafu anasema maneno yake kama kwamba hafikirii kitu chengine chochote.

Na kazi ilimkubali. Baiju Bawra ya mwaka 1952, iliyokuja baada ya ajali ile, ilimpa tuzo ya Filmfare mwaka 1954, na ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa kwa mwigizaji wa kike. Mwaka 1963 likatokea jambo la ajabu zaidi. Waliotajwa kuwania tuzo hiyo walikuwa watatu, na wote watatu ni yeye, kwa filamu tatu mbalimbali. Aliyoshinda nayo ni Sahib Bibi Aur Ghulam, ambamo ni mke wa tajiri ambaye mumewe halali nyumbani. Ili amzuie asitoke, mke anakubali kunywa pombe pamoja naye, na pombe ile inammaliza. Tizameni jinsi anavyoigiza. Hapigi kelele. Anajipamba, anajitizama, anasubiri mlango ufunguke. Mwanamke anajibadilisha kidogo kidogo ili apendwe, mpaka hakubaki kitu cha kupendwa.

Ndoa

Alipolazwa hospitali Pune baada ya ajali, alikuwa akitembelewa na mwandishi na mwongozaji wa filamu, Kamal Amrohi, aliyemzidi umri na aliyekuwa tayari ana mke na watoto. Walifunga nikaha tarehe 14 Februari 1952, kwa siri, baba yake asijue. Hapa siwezi kumsifu mtu. Sisi tunajua ndoa inataka walii, na inataka kutangazwa. Kidole alikificha kwa watazamaji, na ndoa akaificha kwa baba yake, na alipogundulika nyumba ikavurugika.

Lakini nataka mlione jambo moja. Kamal Amrohi aliuona mkono ule hospitalini, umefungwa bendeji, kabla ya kumuoa. Kidole hakikuwa siri baina yao. Ndoa yao haikuvunjwa na kidole. Mwaka 1964 walitengana kwa mambo mengine, yale ya ndani ya nyumba, ambayo watu wa magazeti waliyasema sana na mimi sitayarudia. Marehemu hujibu kwa Mola wake.

Pakeezah

Kabla ya kutengana walikuwa wameanza pamoja filamu ya Pakeezah, katikati ya miaka ya 1950. Ilisimama miaka. Walianza tena kuipiga mwaka 1969, na wakati huo Meena ni mgonjwa wa ini. Mitindo ya nguo za filamu ile aliitengeneza yeye mwenyewe, na mpaka leo maduka ya harusi yanaifuata.

Sasa itizameni kwa jicho la fundi. Katika wimbo mmoja amevaa lungi na kurta pana, nguo ambazo fundi yeyote anajua hazibani tumbo. Katika ngoma ngumu asizoweza tena kuzicheza, uso umefunikwa ushungi, na anayecheza ndani yake si yeye, ni msichana mwengine, Padma Khanna. Ukisikia anaimba, ni Lata Mangeshkar. Basi mwanamke yule mnayemuona mzima, mzuri, mwenye sauti ya dhahabu, amekusanywa kutoka kwa wanawake watatu. Kitambaa ndicho kilichowaunganisha.

Pakeezah ilioneshwa tarehe 4 Februari 1972. Tarehe 31 Machi, majuma manane baadaye, Mahjabeen akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Bombay, makaburi ya Rahmatabad. Watu wakamiminika senema kumtizama, naye kaburini hana tena haja ya mtandio wa kuficha kidole.

Kwa maharusi wangu

Simwambii mtu aache dhikri yake akatizame senema. Ninachosema ni kwamba mnaponiletea picha kwenye simu, mkumbuke ile ni kazi ya watu. Pana mshika taa, pana fundi, pana mpaka rangi, na pana mwigizaji aliyejifunza tangu utotoni wapi pa kuweka mkono. Mapenzi mnayoyaona pale ni ustadi. Dilip Kumar na Madhubala waliigiza wapenzi katika Mughal-e-Azam, iliyotoka mwaka 1960, na sehemu kubwa ya filamu ile waliipiga wakati nje ya kamera hawasemezani. Wewe ukimpima mumeo kwa picha ile, unampima kwa kitu ambacho hata wenyewe hawakuwa nacho.

Na mambo ya kuficha ni hivyo hivyo. Meena aliuficha mkono kwa saa za kazi, na kazi ikamlipa. Lakini nyumbani hakuna mtu wa kupiga kelele "kata" ili upumzike. Utauficha mkono ukipika? Ukimwogesha mtoto? Ukitia udhu? Kujisitiri ni dini yetu, na aibu ya mtu hatuitangazi barabarani. Lakini anayekuja kukuoa ana haki ya kujua anamuoa nani, na wewe una haki ya kuolewa na mtu anayejua. Pita kwa mama, kwa shangazi au kwa somo wako, lisemwe kwa heshima kabla ya nikaha.

Nilimuuliza yule mwanangu, "Bwana harusi anajua?"

Akasema, "Dada yake anajua. Yeye, sijui."

Nikamwambia, "Basi kitambaa nakiweka. Mwili wa gauni nitakata, mikono sikati mpaka uniambie. Ukitaka mikono ya kufunika vidole nitakushonea, pesa ni zako na gauni ni lako. Lakini nenda nyumbani kwanza ukaseme na mama."

Aliondoka bila ya kunijibu. Siku tisa kile kitambaa cha kijani kilikaa juu ya meza, kila nikipita nakiona, nasema labda nimevuka mpaka, labda kesha kwenda kwa fundi mwengine. Juzi baada ya Isha ikaingia sauti kwenye simu, fupi tu: "Dada, mikono iishie kwenye kifundo. Na ule mtandio, upunguze kidogo, ni mrefu mno."

Hakuniambia walisemezana nini kwao, na mimi sikuuliza. Jana asubuhi nimekata.

Allah amrehemu Mahjabeen na wote waliotangulia, amsamehe na sisi atusamehe, na awape maharusi wetu wote waume wenye huruma. Aamin. Tukutane Ijumaa ijayo inshaallah, nitakuelezeni namna ya kuchagua lasi isiyokwaruza shingo, maana malalamiko nimeyapata mengi.