Kosa la nani? Safari ya ergonomia kutoka ndege ya 1935 hadi Ifakara

Najua nimeadimika, lakini mnajua wenyewe wiki za testi zinavyomfanya mtu: bumu limekata, msuli umekolea, na chumbani tupo wanne kwenye nafasi ya wawili. Leo nimeamua kuyapumzisha madesa niwaandikie kitu kilichonikaa kichwani muhula huu wote. Kuna somo hapa kitivoni kwetu ambalo wengi wanaliita kwa dharau "somo la viti". Jina lake halisi ni ergonomia. Watu wakilisikia wanafikiria kiti cha bosi kinachozunguka, basi. Sasa tulieni niwape historia yake, halafu mtaniambia kama haya ni mambo ya viti.

Tuanzie mbali. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwataka madaktari wenzake, pamoja na maswali yao ya siku zote, wamuulize mgonjwa swali moja la ziada: unafanya kazi gani? Aliandika hata kuhusu makarani, namna kukaa kutwa nzima na kuchezesha mkono uleule kunavyowaumiza. Miaka 1700 hiyo, jamani, kabla ya kompyuta. Halafu mwaka 1857 msomi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, ergon yaani kazi na nomos yaani kanuni, likazaliwa neno ergonomia. Wazo lake kwa lugha ya mtaani ni hili: kazi na vyombo vyake vimfuate binadamu alivyo, siyo binadamu avunjike ili avifuate vyombo.

Ila wazo hilo lilikuja kupata nguvu kwenye ndege za kivita. Na cha kushangaza, mengi yametokea sehemu moja: Wright Field, uwanja wa jeshi la anga karibu na Dayton, jimbo la Ohio, Marekani.

Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege mpya ya kampuni ya Boeing, Model 299, ilikuwa pale kwenye mashindano. Ilikuwa na injini nne, kubwa kuliko za wapinzani, na kila mtu alijua itashinda. Usukani alikuwa nao Meja Ployer Hill, rubani mzoefu wa pale pale. Ndege ikaruka, ikapanda kidogo, ikapoteza nguvu, ikaanguka na kuwaka moto. Hill akafa, na rubani wa Boeing, Leslie Tower, naye akafa baadaye kwa majeraha. Wachunguzi walikuta injini hazina tatizo. Kulikuwa na kufuli la kuzuia sehemu za mkiani zisitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, na kufuli hilo halikufunguliwa kabla ya kuruka. Basi.

Hapo ndipo pananifurahisha mimi. Ilikuwa rahisi kusema "rubani alikuwa mzembe" na kufunga jalada. Lakini Hill hakuwa mgeni kwenye kazi ile. Kama mtu wa kiwango chake anasahau, ina maana mambo ya kukumbuka yamezidi kichwa cha mtu mmoja. Kwa hiyo marubani wa jeshi hawakuomba mafunzo marefu zaidi. Walitengeneza karatasi, orodha fupi ya ukaguzi: kabla ya kuwasha, kabla ya kuruka, kabla ya kutua. Jeshi likaendelea kuichukua ndege hiyo, ikaitwa B-17, na hadi vita inaisha zilikuwa zimeundwa zaidi ya 12,000.

Hadithi ya B-17 haikuishia hapo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia marubani walikuwa wanarudi salama kutoka vitani, wanatua vizuri, halafu ndege ikiwa bado inakimbia ardhini wanakunja magurudumu! Ndege inalala tumbo. Tena wengine ni wazoefu. Kijana mmoja msomi wa saikolojia, Alphonse Chapanis, akapewa kazi ya kuangalia. Badala ya kuanza kuwahoji marubani kama watuhumiwa, aliingia akakagua wanapokaa. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo zimekaa bega kwa bega na zinafanana kabisa. Mtu kachoka, ni usiku, mkono unakwenda wenyewe. Dawa yake ilikuwa ya bei ya karanga: kwenye swichi ya magurudumu weka kitufe cha umbo la gurudumu, na kwenye ya vibawa weka cha umbo la bawa. Mkono ukigusa tu unajua. Hadi leo ndege za abiria zinatakiwa kuwa na kishikio cha magurudumu chenye umbo la gurudumu. Siku ukipanda ndege, mlango wa marubani ukiwa wazi, chungulia.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones, hao hao wa Wright Field, wakachambua matukio 460 yaliyokuwa yanaitwa makosa ya marubani. Nusu yake ilikuwa ni mtu kushika kitu kimoja akidhani ni kingine. Nusu nzima! Kosa moja likirudiwa na watu tofauti, wasiojuana, mahali tofauti, hilo si kosa la mtu tena. Hilo limejengwa ndani ya chombo.

Halafu likaja suala la vipimo. Mwaka 1950 jeshi lile lilipima miili ya marubani 4,063. Luteni Gilbert Daniels akachukua vipimo kumi, urefu, kifua, mkono na kadhalika, akatafuta ni wangapi wako katikati kwa vyote kumi. Jibu: hakuna hata mmoja. Yaani chumba cha rubani kilichotengenezwa kwa ajili ya "mtu wa wastani" kilikuwa hakimfai mtu yeyote. Ndipo viti na mikanda vikaanza kutengenezwa vya kurekebishika. Kumbe hata hicho kiti cha bosi mnachokicheka kina ukoo wake.

Sasa tutoke angani twende wodini, maana hapa ndipo somo liliponishika mimi binafsi.

Dada yangu mkubwa ni nesi. Siku moja zamu ya usiku, wagonjwa wengi, wao wawili tu, alichukua kichupa cha dawa kwenye trei na kuvunja shingo yake. Kabla hajavuta kwenye sindano akasoma tena, akakuta siyo chenyewe. Vilikuwa viwili vinavyofanana kama mapacha, maandishi madogo, rangi ileile, trei moja. Hakuna mgonjwa aliyedhurika. Na kwa kuwa ni mkweli, asubuhi aliripoti mwenyewe. Akapewa barua ya onyo, neno lililotumika ni "uzembe". Vile vichupa vikabaki kwenye trei ileile. Dada aliniambia kwa simu, "Mdogo wangu, safari nyingine mtu akikosea hapa hatasema." Sentensi hiyo inaniuma kuliko barua yenyewe. Barua ilimwadhibu aliyesema, na mtego ukaachwa pale pale ukimsubiri nesi wa zamu inayofuata.

Wenzetu wa nusukaputi walilielewa hili mapema. Mwaka 1978 Jeffrey Cooper, mhandisi wa Boston, alichapisha na wenzake utafiti wa mikasa ya nusukaputi iliyoweza kuzuilika. Walikusanya matukio 359. Asilimia 82 yalihusisha makosa ya binadamu, na asilimia 14 tu yalikuwa mashine kuharibika. Mtu wa haraka haraka angesema, "Si mnaona, ni watu!" Lakini angalia makosa yenyewe: mpira wa kupumulia kuchomoka, kitufe cha gesi kuguswa kwa bahati mbaya, sindano za dawa kuchanganywa. Ni swichi za Chapanis zilezile, zimevaa koti jeupe.

Na majibu yakawa ya ukoo uleule. Kitufe cha oksijeni kwenye mashine za nusukaputi kikawa na umbo lake, kikubwa na chenye mifereji, kidole kikijue gizani. Mitungi midogo ya gesi ikawekewa matundu na mashine ikawekewa vipini vinavyolingana: nafasi za oksijeni si za gesi nyingine, kwa hiyo hata ukilazimisha, mtungi wa gesi nyingine haukai mahali pa oksijeni. Kipimo cha oksijeni cha kwenye kidole kinalia, na oksijeni ikishuka sauti inashuka nayo, ili daktari aliyeinama anashona asikie bila kuinua macho. Hakuna aliyehubiriwa "kuwa makini". Chombo chenyewe kimefundishwa adabu.

Teknolojia ikipuuza somo hili inaua. Kati ya 1985 na 1987, Marekani na Kanada, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa wasiopungua sita kwa mionzi iliyozidi mno, na wengine walikufa. Programu yake ilikuwa na kasoro, ndiyo. Lakini tazama alichokiona mhudumu kwenye skrini: "Malfunction 54". Basi, hakuna maelezo. Mashine ilikuwa inatoa ujumbe wa aina hiyo mara kwa mara, na kwa kubonyeza herufi moja kazi inaendelea. Mtu akizoeshwa kengele zisizo na maana, siku ya kengele ya kweli atabonyeza tu. Sisi wa kompyuta tunaoandika ujumbe wa makosa kwa kujifurahisha, hapo tujiangalie.

Na ile karatasi ya marubani? Ilifika hadi kwetu, wadau. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani, kazi ikiongozwa na daktari wa upasuaji Atul Gawande, lilijaribu orodha ya ukaguzi ya vipengele 19 kwenye hospitali za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Ndiyo, Ifakara ya Morogoro, hospitali ya Mtakatifu Fransis, bonde la Kilombero. Ukaguzi unafanyika mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua wapi? Kipimo cha oksijeni kinafanya kazi? Kila mtu ataje jina lake na kazi yake. Pamba na vifaa vimehesabiwa vikatimia? Matokeo yalitoka Januari 2009: kwa miji yote minane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi moja!

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa lakini. Karatasi si hirizi. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako orodha hiyo ilikuwa imefanywa lazima, na vifo havikushuka kwa kiasi cha maana. Mimi nalisoma hivi: ukiwaletea watu karatasi kwa amri, watatia vema kwenye viboksi na kuendelea na mambo yao. Kule jeshini waliotengeneza orodha ni marubani wenyewe, waliompoteza mwenzao. Hiyo ni tofauti kubwa.

Na sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya wana ya kwao ya 2007. Lakini sheria haiwezi kuona trei ya vichupa, anayeiona ni nesi. Hata mashambani ni hivyo hivyo. Kule California vibarua waliinamishwa miaka na miaka na jembe la mpini mfupi, wenye mashamba wakidai mpini mrefu utaharibu mimea, mpaka migongo ya watu na kesi mahakamani vikalifanya lipigwe marufuku mwaka 1975. Wenye migongo ndio waliojua siku zote.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Sasa wazembe wasiadhibiwe?" Aa, waadhibiwe. Anayeingia zamu amelewa hana utetezi kwangu. Ninachosema ni kwamba neno "uzembe" liwe jibu la mwisho baada ya uchunguzi, siyo la kwanza. Kwanza uliza maswali matatu: Mwingine mwenye akili timamu angeweza kukosea vilevile pale? Kosa hili limewahi kutokea kwa mtu mwingine? Tukimfukuza huyu leo, kesho mtego utakuwa umeondoka?

Dada bado yuko kazini. Wiki iliyopita aliniambia wameanza wao wenyewe manesi, kimyakimya, kuvitenganisha vile vichupa: kimoja rafu ya juu, kingine chini, na plasta nyekundu imezungushwa shingoni. Hakuna aliyewaagiza wala aliyewapa semina. Nilimwambia huyo ni Chapanis mtupu, akacheka akauliza Chapanis ndiye nani, nikamwahidi nitaandika. Basi dada, ndiyo hii.

Kama na wewe una mtego unaoujua, kiwandani ulikofanya mafunzo kwa vitendo, maabara, jikoni kwa mama ntilie, au kwenye daladala, nisimulie. Mimi narudi kwenye msuli, Jumatatu kuna pepa na hilo halina ergonomia.