Kaskazi na Kusi Darasani


Nilipoanza somo la bahari na angahewa chuo kikuu, nilidhani pepo nazijua, maana babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Mtihani wa kwanza nikaanguka. Nilijua kaskazi huvuma lini. Sikujua kwa nini.

Ndipo nikasoma kwamba mwaka 1686 Edmond Halley alieleza jinsi jua linavyopasha joto nchi kavu na bahari kwa kadiri tofauti, na hewa ikaelekea penye joto. Mwaka 1735 George Hadley akaongeza hoja ya mzunguko wa dunia. Lakini Halley mwenyewe alitegemea habari za mabaharia!

Vijana, msidharau elimu ya wazee. Wala msiishie hapo.