Mtoto wa Dada Yetu Aliyezaliwa Ng'ambo ni wa Wapi?



Agosti iliyopita tulisafiri na dada yetu mmoja anayeishi Uingereza, pamoja na binti yake wa miaka kumi na miwili. Treni ya umeme ilitushusha Kilosa, na kutoka hapo tukapanda bodaboda hadi kijijini. Binti aliuliza swali moja kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Kaburi la bibi liko wapi?" Sisi watu wazima tukaangaliana. Wengi wetu hatukuwa tumefika pale tangu siku ya mazishi, na nyasi zilikuwa zimefunika kila kitu. Bibi mmoja jirani ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka. Walipofika akamwambia, "Mama yako ni wa hapa. Sasa wewe utakuwa wa wapi?"

Tuliporudi mjini, sisi tunaoshika hesabu za chama tulifungua daftari la wanachama na familia zao. Watoto wa kaka zetu waliozaliwa ng'ambo wamo. Watoto wa dada zetu hawamo. Hakuna aliyekusudia kuwaacha. Tumezoea tu kuandika ukoo kwa jina la baba, kama fomu za shule zinavyotaka. Lakini kwa desturi ya Wasagara, kama ilivyo kwa jirani zetu Wakaguru na Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno zito katika mambo yake. Kwa kipimo cha wazee wetu, daftari letu limewaacha nje wale hasa walio wa kwetu.

Jambo hili limetufanya tuitazame upya historia ya nyumbani. Bonde la Mkondoa ni njia ya watu tangu zamani. Misafara ya kati ya pwani na Unyamwezi ilipita hapa. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley akapita 1871 akimtafuta Livingstone. Vitabuni mwao mto wetu unaitwa Mukondokwa. Katika njia hizo za misafara ndipo utani wa makabila ulipokomaa, mgeni akawa mtu wa kutaniwa, kulishwa na, akifa, kuzikwa.

Novemba 1884 Carl Peters alifika Usagara na karatasi zake. Kila aliyesoma historia shuleni anaikumbuka ile ya Mangungu wa Msovero. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, hati ya mfalme wa Ujerumani ilitaja Usagara kuwa chini ya ulinzi wake. Jina la kwetu liliandikwa Berlin na watu ambao hawakuwahi kuonja maji ya Mkondoa.

Kisha ikaja Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Ilifuata bonde letu, na Munisagara ikawa stesheni. Wilayani Kilosa yakafunguliwa mashamba ya mkonge, na manamba wakaja kutoka mbali. Wengi hawakurudi makwao. Walipewa mahali pa kulima, wakaoa, wakazika na kuzikwa. Leo wajukuu wao ni watu wa Kilosa, na hakuna anayewauliza hati.

Nyumbani penyewe nako kumehama zaidi ya mara moja. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilizitoa familia kwenye maboma yaliyotawanyika na kuzikusanya vijijini. Mwishoni mwa Desemba 2009 hadi Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukaharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya wenzetu wilayani wakaishi kwenye mahema. Waliopoteza nyumba hawakupoteza kwao, kwa sababu walikuwepo watu wa kuwaambia watoto: hapa palikuwa na mwembe wa babu, pale palikuwa na kisima.

Hicho ndicho wanachokikosa watoto wetu walio ng'ambo. Mzazi anapika ugali London, anawavalisha kanga siku ya sherehe, anawaonyesha picha kwenye simu. Ni vizuri, lakini mtoto hawezi kukumbuka mahali ambapo hajawahi kukanyaga, wala kumtania mjomba asiyemjua. Tena sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo baadhi yao watachukua pasipoti ya kigeni. Tukisubiri serikali iwatambue kuwa wetu, tutachelewa. Bonde lililowapokea watoto wa manamba haliwezi kushindwa na mtoto wa binti yake.

Tumekubaliana kufanya mambo matatu. Kwanza, daftari linafunguliwa upya: watoto wa dada zetu wote waandikwe, pamoja na jina la ukoo wa mama na la mjomba mmoja atakayewapokea. Watoto wa kaka wanabaki, hakuna anayefutwa. Pili, tunawarekodi wazee wakieleza kwa Kisagara na kwa Kiswahili koo zetu, makaburi na majina ya mahali, kabla hawajatutoka. Tatu, tunasafisha na kuweka alama makaburi ya zamani, na tunatengeneza nyumba ya kufikia kwa wanaokuja likizo bila ndugu wa kuwalaza.

La kwanza halina gharama zaidi ya kalamu. Mawili yanayofuata yanahitaji fedha, na ndiyo tunayowachangisha mwaka huu. Kila shilingi itatolewa stakabadhi, na hesabu zitasomwa kwenye mkutano mkuu, kama kawaida yetu.

Yule binti ameondoka na udongo kidogo wa kaburini kwenye kopo la mafuta. Mama yake anatuambia ameuliza watarudi lini. Ndugu, tumjibu kwa vitendo. Karibuni nyumbani.