Jirani Aliyevuka Rusumo

Tunapohubiri habari ya Msamaria katika Luka 10, ni mara chache kumtaja mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliendelea na safari; yule alibaki na majeruhi ndani. Wakulima wa Ngara na Biharamulo wanamfahamu.

Tangu 28 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, wakapiga kambi Benaco. Wakati wa sensa ya 1988, wilaya nzima ya Ngara haikuwa na watu hata 200,000. Miezi michache nyuma walikuwa wamekuja Warundi, na wengi wao walipokelewa kwanza majumbani mwa wanakijiji. Hapakuhitajika mkalimani, kwa maana Kihangaza na Kirundi ni lugha ndugu. Ukimsikia mtu akimlilia mwanawe kwa maneno yako mwenyewe, ni vigumu kumwita mzigo.

Lakini ugeni ulipokuwa wa miaka, mioyo ilichoka. Miti ilikatwa kwa kuni, mihogo iling'olewa usiku, mbuzi wakaibwa. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Hata hivyo wengi waliolalamika walipanua mashamba yao kwa vibarua wa kambini, waliolipwa ujira mdogo, mara nyingine chakula tu. Nafsi huhesabu haraka ilichopoteza. Ilichopata huchelewa kukihesabu.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Mto uleule ulikuwa umebeba maiti za waliouawa Rwanda hadi ziwa Viktoria, na miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wauaji. Aliyetoa kibuyu cha maji hakujua anampa nani. Sidhani kanisa limewahi kulijibu hilo vya kutosha.

Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31. Maelfu walikimbilia ndani ya nchi badala ya kuelekea mpakani. Askari wakawageuza, na umati ukavuka tena Rusumo, safari hii kuelekea magharibi. Warundi walibaki kambi ya Lukole hadi ilipofungwa mwaka 2008. Benaco ilibaki na vilima vitupu, na kando yake mashamba mapana yaliyofyekwa na mikono ya watu ambao wenye mashamba, wengi wao, hawakuwahi kuwauliza majina.